Gari ya kutoka JKIA: ile 4,500 ni ya kungojwa

Niseme mapema ndio asiye na muda aende zake: nililipa 4,500 nikaletewa Noah ya kutoka JKIA, eapoti ya Nairobi, mpaka mtaa wa Pangani usiku wa manane, na hiyo pesa ningeilipa tena hata kesho. Alafu wiki mbili baadaye nikalipa 3,500 kwa hao hao wanipelekee dadangu eapoti na hiyo nyingine mpaka leo bado inaniuma. Kampuni moja, namba ya simu moja, yule dada wa ofisi mwenye sauti tamu ni yule yule. Jina lao sitaji, kwanza kwa sababu sitaki kesi, pili nishaongea na watu kazini nikaona haya mambo ni ya hizi kampuni karibu zote.

Sasa ilikua hivi. Mamangu alikua India wiki tano, alienda kubadilishwa goti, na dadangu mkubwa anayefanya kazi Doha ndiye alikua naye huko. Kurudi walikua wanaunganisha ndege njiani na ya pili ilikua itue saa nane kasoro dakika kumi usiku. Mwezi wa saba, baridi ya Nairobi mnaijua. Mizigo: suti kesi nne, begi la dawa, na ile fremu ya chuma ya kutembelea ambayo haikunji vizuri. Na mama mwenyewe ana mguu hauwezi kukunjwa zaidi ya hapa.

Mimi sina gari. Nikaanza kuhesabu njia zilizoko.

Teksi za apu, hapana. Sio ati nazichukia, nazitumia kila wiki, lakini si mnajua vile huenda. Unabonyeza, mtu anakubali, anapiga simu, "Hello madam, unaenda wapi? Ni keshi ama M-Pesa?" Ukimwambia Pangani anavuta pumzi, anakuambia hiyo apu imeweka pesa kidogo ongeza mia tatu, ukikataa hakuambii hapana, anakaa tu hapo kwa ramani kagari kake hakasongi mpaka wewe mwenyewe uchoke ukansel. Na ukibahatika akaja ni Vitz ama Demio, buti yake suti kesi moja na nusu. Ningehitaji mbili, na bado mama angekaa na goti limekunjwa kama mtu amebebwa kwa mkoba.

Teksi za mstari wa njano zipo pale nje usiku na mchana, hilo nawapa, hazikosekani. Lakini bei wanaisoma kwa uso wako. Sasa uso wangu saa nane usiku na mama kwa kiti cha magurudumu hapo pembeni, si wangesoma elfu nane.

Kumwambia rafiki mwenye gari? Unaweza. Lakini ndege ikichelewa masaa matatu huyo rafiki utamlipa mpaka uzeeke, kila harusi, kila harambee anakukumbusha. Basi ya 34, ile ya tao na eapoti, naipenda sana, na nitairudia hapo chini, ila sio na goti jipya.

Basi nikatafuta kampuni za kuchukua watu eapoti. Nikaandikia tatu. Wa kwanza akanipa bei kwa dola kama mimi nimekuja kuona twiga, nikamuuliza kwa shilingi ni ngapi akanyamaza mpaka wa leo. Wa pili bei yake ilikua nzuri kabisa lakini alitaka pesa yote mbele, na sio kwa till, ile namba ya biashara ya M-Pesa, kwa namba yake ya simu. Nikamwambia nitakurudia. Wa tatu ndio hawa. Walijibu kwa dakika chache, kwa Kiswahili, na wakaniuliza vitu vitatu: namba ya flaiti, mabegi mangapi, na kuna mtu yeyote hawezi kupanda gari mwenyewe? Hilo swali la tatu ndilo lilinimaliza. Hakuna mtu alikua ameniuliza hivyo.

Makubaliano ilikua 4,500, Noah, na wanipitie mimi Pangani kwanza ndio niende nao. Dipositi 1,500 kwa till, na pale kabla ya kuweka PIN jina la kampuni likatokea sawasawa (jamani someni hilo jina, msibonyeze tu). Salio ukifika nyumbani. Ndege ikichelewa halipishwi mtu, saa yao inaanza ndege ikigusa chini, unapewa dakika 60 za bure za kungoja mizigo na kugongwa pasipoti, baada ya hapo 500 kila nusu saa. Parking ndani, toll ya Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, ndani. Hiyo ya toll niliuliza mara mbili kwa meseji na mara mbili wakajibu "iko ndani", na meseji sikufuta. Mtaona kwa nini.

Kitu kingine niliuliza, na yule dada wa ofisi alishangaa kidogo, ni kama gari ina bima ya PSV, ile ya kubeba abiria wa kulipa, na dereva ana leseni ya PSV. Usicheke. Gari ya mtu binafsi yenye bima ya kawaida ikibeba abiria wa kulipa na mkagongana, kampuni ya bima inaweza kukwambia haikuwahi kukubaliana na hiyo biashara, na hapo wewe na goti lako la India mtaangaliana. Walinitumia picha ya stika. Poa.

Usiku wenyewe, saa sita hivi simu ikalia. Dereva. "Madam, habari ya usiku. Hii ndege yenu bado iko chini huko walikounganisha. Nije saa hii ama nikuache ulale kidogo?" Yaani mimi mwenye mama sikua najua, shirika la ndege halikua limeniandikia chochote, na dereva alikua anaangalia kwa Flightradar24, ile apu ya kufuata ndege. Ningesema sawa, nilale, mambo yangekua mazuri. Lakini mimi na uoga wangu nikamwambia hapana njoo tu twende tungoje huko huko, isije ikapaa tukiwa hapa. Akaja. Saa saba kasoro dakika ishirini yuko geti.

Kwa hivyo nilikaa na huyu jamaa karibu masaa matano, na ndio maana naweza kuwaambia hii biashara inaendaje.

Kwanza hakuingia eapoti. Alisimama petrol station nje kwa sababu parking ya ndani inahesabu masaa, na hiyo inatoka kwa ile bei mmekubaliana, so kila dereva anayejua kazi anangoja nje mpaka ndege iguse ndio anasogea. Hapo kulikua na gari zingine kama sita, zote viti vimelazwa, madereva wamejifunika maleso na jaketi. Huyu wangu alitoa thamosi ya chai ya tangawizi akanimiminia kwa kifuniko. Nikamuuliza, sasa hii yote unalipwa? Akacheka. Kumbe yeye analipwa kwa tripu. Ndege ikija kwa wakati, ni hiyo. Ikichelewa mpaka asubuhi, ni hiyo hiyo. Ofisi inakuandikia vizuri "hakuna malipo ya ziada ndege ikichelewa" na ni kweli halipi mteja, lakini ukweli ni kwamba anayelipa ni huyu hapa anayekunywa chai na macho mekundu. Sikujua niseme nini. Ile tofauti ya bei kati ya apu na hawa nilikua nadhani ni ya ukubwa wa gari, kumbe asilimia kubwa ni ya mtu kukubali kukaa macho, na yeye mwenyewe hapati kitu hapo juu. Tip mpeni, hiyo ndio naweza kusema.

Pia alinipa stori ya 2013, ule moto wa Agosti ulioteketeza sehemu ya kuwasili, vile watu walikua wanapokelewa kwa mahema na madereva wanashika vikaratasi vya majina kwa vumbi. Anasema siku hizo alikua bado na teksi ya mstari, na hajawahi kuona watu wengi hivyo wamepotezana na mizigo. Nikasinzia akiwa katikati ya hiyo stori, aki pole kaka.

Ndege ikagusa saa kumi na nusu. Akaniamsha, "Wametua," tukaingia.

Pale nje ya mlango wa kutokea mnapajua, kila mtu amenyoosha shingo, teksi madam, teksi madam, kuna mtu na maua, kuna familia nzima na beluni. Dereva wangu alikua na kikaratasi na jina la mama limewekewa h mahali ambapo haijawahi kukaa h tangu abatizwe. Nikamwambia kaka mimi niko hapa, nitamtambua mamangu, akasema hapana, ofisi inataka picha ya yeye ameshika hicho kikaratasi. Haya.

Walitoka saa kumi na moja na dakika arobaini. Dada mbele na troli, mama nyuma anasukumwa na kijana wa wale wa viti, ameva viatu vya wazi na leso ya hospitali begani, ananiangalia kama mimi ndio nimesafiri. "Mbona umekonda?" Hiyo ndio salamu.

Sasa hapa ndio nataka mniskize. Dereva alifungua mlango wa kusukuma, akaangalia mama, hakumuuliza unajiskiaje wala nini, alimuuliza, "Shikamoo mama. Goti ni la kulia ama la kushoto?" Mama akasema la kulia. Akarudi nyuma ya gari akatoa kastuli ka mbao, kafupi, kamefungwa raba chini isiteleze, akakaweka hapo kwa mlango. Akasukuma kiti cha katikati nyuma mpaka mwisho. Akamwambia mama usipande na mguu, geuka, nipe mgongo, keti kwanza, ndio, sasa tunaingiza miguu pamoja polepole. Mama akaingia bila hata kusema ai. Dadangu, ambaye wiki tano amekua akifunzwa na manesi kule jinsi ya kumwingiza mama kwa gari, alisimama hapo na fremu mkononi mdomo wazi. Nikamuuliza hiyo umejifunzia wapi, akasema ni mamake, nyonga, na hakuongeza.

Suti kesi nne zikaingia, fremu ikalala juu.

Njia. Kwenda Pangani kuna wale watakwambia pita Airport North Road, shika Outering, tokea Allsops uingie Thika Road, na ni kweli ni bure na alfajiri hakuna jam ya kuua mtu. Dereva akasema hapana, huko kuna matuta, tutamwamsha mama goti. Akapanda Expressway pale JKIA. Ana kile kidude cha kulipia kimebandikwa kwa kioo, ukikaribia kinalia pii, kizuizi kinainuka, hausimami. Mama hajawahi kupita huko juu, ilipofunguliwa Mei 2022 alikua ushago na baada ya hapo ni goti, goti. Akawa anachungulia. "Kumbe Nyayo inaonekana hivi." Chini Mombasa Road malori yameanza kujipanga, sisi huku juu tunateleza tu. Tukatokea Museum Hill, tukashika Wangari Maathai Road, ile wazee bado wanaita Forest Road, na saa kumi na mbili na robo tuko geti Pangani. Kama dakika ishirini na tano hivi. Mchana hiyo safari kwa chini inaweza kukula saa moja na nusu na bado uko Bellevue.

Nikalipa salio 3,000, nikampa yeye 500 mkononi. Mpaka hapo ni nyota tano na nusu.

Saa nne asubuhi nimelala, meseji inaingia. Ofisi. "Habari mteja wetu, una deni la 3,000 ya muda wa kungoja." Nini! Kumbe wamehesabu kutoka ile saa ndege ilipaswa kutua, sio saa ilitua. Nikatafuta zile meseji, nikapiga skrinishoti, nikatuma. Kimya. Nikapiga simu. Yule dada sauti tamu akasema pole mama ni mashine. Mashine! Wakapunguza ikawa 500, kwa sababu mama alitoka dakika sabini baada ya kutua na bure ni sitini. Hiyo 500 nililipa bila neno, kwa haki ilikua yao. Lakini fikiria mtu aliyefuta meseji, ama mzee asiyejua kubishana kwa simu, si angelipa tu 3,000 aendelee na maisha yake.

Na bado nikarudi kwao. Niite mjinga.

Dada alikua anarudi Doha siku ya Ijumaa jioni. Nikabuku tena, nikataka gari kubwa kwa sababu alikua amebeba unga, majani ya chai, sufuria mbili, si unajua watu wa Doha. 3,500, wachukue saa nane mchana. Saa nane ikafika, ikapita. Saa nane na dakika ishirini na tano ikaja Axio, tena nikifungua buti naona mtungi wa gesi ya kuendeshea gari umekalia nusu ya nafasi. Suti kesi moja ikaenda buti, moja ikakaa kiti cha mbele, moja mapajani mwa dada, mimi nimekumbatia sufuria. Nikauliza gari kubwa iko wapi, dereva, kijana tu, hakua na ubaya, akasema yeye ameambiwa dakika kumi zilizopita, hii sio hata gari ya kampuni, wamemwita tu kwa sababu yao imekwama. Kwa hivyo zile stika za PSV nilizotumiwa zilikua za gari ingine kabisa, sio hii tuko ndani.

Tukafika Museum Hill akataka kupita chini. Ijumaa! Nikamwambia panda juu. Akasema madam, toll iko kwenu. Nikapiga ofisi, haishikwi. Dada anaangalia saa, mimi naangalia dada, nikatoa keshi nikalipa mwenyewe. Toll ya gari ndogo ilipopandishwa mwanzo wa 2024 iliwekwa 170 mpaka 500 kulingana na ulipanda wapi na unashuka wapi, sio pesa ya kuuza shamba, lakini safari ya kwanza ilikua ndani ya bei.

Alafu pale JKIA kwa ukaguzi siku hiyo abiria wote tulishuka kwa gari, tukapita kwa mashine kwa miguu, dereva akapita na gari upande wake tukapatana mbele. Ijumaa hiyo laini ilikua mrefu, na ile dakika ishirini na tano waliyotuchelewesha ndio hapo ikatuuma. Dada alifika kaunta karibu kufungwa. Mizigo ilipita, lakini alinitumia voice note akiwa anapumua kama amekimbia marathoni.

Kurudi tao nilipanda 34. Kiti cha dirisha, upepo, hakuna mtu amenitumia meseji ya deni.

Nililalamika. Ilichukua siku nne kujibiwa. Pesa hawakurudisha, hata ile ya toll, wakanipa asilimia kumi ya punguzo kwa safari ijayo, ambayo ni kusema nikitaka haki yangu lazima niwape pesa zaidi kwanza. Wajanja.

Kwa hivyo ukiuliza nyota, mimi sijui niweke ngapi. Kuchukuliwa usiku, mgonjwa, mizigo, ndege ya kuchelewa: chukua hawa ama wanaofanana nao, lipa, usilinganishe na apu, ni biashara mbili tofauti. Kupelekwa mchana ukiwa mzima na miguu yako, sioni sababu, ita apu ama panda 34. Na kokote uendako uliza nani anakuja, jina la dereva na namba ya gari, siku moja kabla, na ukiletewa ingine uwe na uso wa kukataa. Mimi sikua nao, ningekua nao dada angekosa ndege, ndio shida.

Mama ana kliniki mwezi ujao, daktari anataka kuona hilo goti. Hajali mambo ya toll wala Axio, ameniuliza kitu kimoja tu, kama ni yule kijana wa kastuli atakuja. Basi nimewaandikia ofisi: Noah, yule dereva wa usiku ule, na kastuli. Wamejibu na kidole gumba. Kidole gumba tu.